Je, Wajua kwa Nini Mtoto Anayekaribia Mwaka Mmoja Hukuonyesha Kitu Asichokitaka?

Mtoto wa miezi 11 aliyepakatwa na mzazi wake anainua mkono, anakunja vidole vyote isipokuwa kile cha shahada, kisha anakielekeza kwenye taa iliyo darini. Mzazi hufanya kile ambacho karibu kila mtu mzima angefanya: humnyanyua ili aifikie taa, na kama kitu chenyewe ni kikombe au rimoti, humpa mkononi. Mara nyingi mtoto hukishika kitu hicho kwa muda mfupi tu, hukiachia kianguke, kisha huelekeza kidole upya, huku akigeuza uso kumtazama mzazi. Mzazi huhitimisha kwamba mtoto huyu bado hajui anachokitaka. Utafiti wa miongo kadhaa unaonyesha kwamba mara nyingi anajua vizuri sana. Anachokitaka ni kwamba mzazi naye aione taa, na kwamba wote wawili wajue kuwa wanaitazama pamoja.

Dhana kwamba kila kidole kinachoelekezwa ni ombi imeenea mno, na inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu hata wanazuoni wakubwa waliishikilia. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba ishara hii huanza kama jaribio la kushika lililoshindwa. Kwa maelezo yake, mtoto huunyoosha mkono kuelekea kitu kilicho mbali, mkono hubaki hewani bila kukifikia, mama huja na kumpa kitu hicho, na kwa kurudiwarudiwa tukio hilo mtoto hugundua kwamba mkono ulioshindwa kufanya kazi ya kushika unaweza kufanya kazi ya kumwambia mtu. Maelezo hayo yana jambo moja la thamani kubwa, yaani kutambua kwamba maana ya ishara hujengwa baina ya watu wawili. Hata hivyo, yanafanya ombi kuwa chanzo cha kila kitu, na hapo ndipo yanapogongana na yale yanayoonekana kwa watoto wenyewe.

Tazama kwanza umbo la mkono. Mtoto anayetaka kushika kitu hufungua kiganja, hutanua vidole vyote, husukuma kiwiliwili mbele, na mara nyingi hunung'unika mpaka apewe. Mtoto anayeonyesha kitu hukunja vidole vingine na kuacha cha shahada peke yake, na mwili wake kwa kawaida umetulia. Mwaka 1996 Fabia Franco na George Butterworth walichapisha utafiti uliolinganisha ishara hizi mbili kwa watoto wadogo, kuanzia wale wa miezi 10, na waliona kwamba watoto hawakuzichanganya: mkono wa kushika ulitokea zaidi pale palipokuwa na kitu cha kuomba, na kidole cha shahada kilitokea zaidi pale palipokuwa na jambo la kutazamwa. Kama ishara ya kidole ingekuwa imetokana na mkono ulioshindwa kushika, tungetarajia kipindi cha katikati ambacho ishara moja inageuka taratibu kuwa nyingine, na kipindi hicho hakionekani.

Tofauti hiyo ya makusudi ilikuwa imekwisha kubainishwa mwaka 1975 na Elizabeth Bates, Luigia Camaioni na Virginia Volterra, ambao walitenga ishara ya kuagiza, ambapo mtoto humtumia mtu mzima ili kukipata kitu, na ishara ya kujulisha, ambapo hukitumia kitu ili kuupata usikivu wa mtu mzima. Utengano huu unaweza kuonekana mdogo ukiusoma harakaharaka, lakini unageuza kabisa uhusiano kati ya njia na lengo. Katika ishara ya kwanza mzazi ni njia na kikombe ni lengo. Katika ya pili kikombe ni njia, na lengo ni mzazi.

Kwa nini basi dhana ya ombi hudumu hata katika nyumba ambamo mtoto huonyesha vitu mchana kutwa? Sababu moja ni kwamba haipati nafasi ya kukanushwa. Mzazi akishatoa kitu, mtoto hukipokea, kwa kuwa watoto wa umri huu hupokea karibu kila kitu wanachopewa, na kupokea huko huonekana kama uthibitisho. Sababu ya pili ni kwamba maombi ya kweli yapo, tena mengi, hasa karibu na chakula. Si haki kumwambia mzazi mwenye mtoto mwenye njaa kwamba anaalikwa tu kutazama. Ushahidi mzuri zaidi wa kutenganisha hali hizi hupatikana kwa vitu ambavyo mtoto hawezi kuvitaka kwa maana ya kuvimiliki: ndege aliyekwisha ruka, sauti iliyotoka nje ya dirisha, au mtu aliyepita mlangoni. Mtoto huvielekezea kidole vyote hivi, na hakuna chochote ambacho mzazi angeweza kukishika na kumpa.

Mtu anaweza kupinga kwamba labda mtoto anataka tu kuangaliwa yeye mwenyewe, na kwamba kidole ni njia ya kuita uso wa mzazi. Pingamizi hilo ni la maana, na lilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Ulf Liszkowski na wenzake, akiwemo Michael Tomasello, wa Taasisi ya Max Planck iliyoko Leipzig, Ujerumani. Watoto wa miezi 12 walikaa na mtu mzima, na mbele yao kukatokea mambo ya kuvutia, kwa mfano vikaragosi vilivyochomoza kutoka nyuma ya pazia. Mtoto alipoelekeza kidole, mtu mzima alifanya moja kati ya mambo manne: wengine waligeuza macho kutoka kwa tukio hadi kwa mtoto na kulizungumzia kwa furaha, wengine walimtazama mtoto tu na kumsemesha kwa uchangamfu bila kuligeukia tukio, wengine walilitazama tukio tu bila kumwangalia mtoto, na wengine hawakufanya lolote.

Kama mtoto angetaka kuangaliwa tu, uso mchangamfu ungemtosha. Kama angetaka tu kumfanya mtu mzima aelekeze macho kwenye tukio, basi macho hayo yangemtosha. Hakuna kati ya hayo mawili lililomridhisha. Watoto waliopata mtu aliyelitazama tukio na kisha wao waliendelea kuonyesha katika majaribio yaliyofuata, ilhali katika hali nyingine hamu yao ya kuonyesha ilipungua. Linalonivutia zaidi katika matokeo hayo ni jambo dogo zaidi: mtu mzima alipobaki akimtazama mtoto usoni, mtoto alielekeza kidole tena na tena katika tukio lilelile, kama anayesahihisha kutoelewana.

Utaratibu huu, ambao wataalamu huuita umakini wa pamoja, unaeleweka vizuri ukimfikiria mtu anayempokeza mwenzake kikombe cha chai ya moto. Mtoaji hanyooshi tu mkono na kuachia. Hukishikilia kikombe mpaka ahisi kwamba mwenzake naye amekishika, na mpokeaji naye anajua kwamba mtoaji anasubiri kuhisi hivyo. Kwa muda mfupi mikono miwili imo kwenye kikombe kimoja, na kila mmoja ana habari za mkono wa mwenzake. Yule mtazamo wa haraka ambao mtoto humtupia mzazi baada ya kuelekeza kidole, na ambao mzazi aliyeshughulika na kazi hukosa kuuona, ni sawa na mkono unaosubiri kuhisi mshiko. Mzazi anayemchekea mtoto bila kuitazama taa anafanana na mpokeaji anayeushika mkono wa mtoaji na kukiacha kikombe. Anayeitazama taa bila kurudisha macho kwa mtoto ni kama aliyekichukua kikombe kutoka mezani bila kujua nani amekileta. Katika hali zote mbili kitu fulani kimepokewa, lakini makabidhiano hayajafanyika. Ndiyo maana mtoto huanza upya, na ndiyo maana kumpa kitu chenyewe mkononi hakumalizi jambo, kwa kuwa hapo kikombe kimerudishwa kwa aliyekitoa.

Makabidhiano hayo yanahitaji mtoto awe amekwisha elewa, kwa kiwango fulani, kwamba mtu mwingine anaweza kuona au kutoona kile anachokiona yeye. Ni kiwango gani hasa, hilo lina ubishi. Katika utafiti mwingine wa Liszkowski na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, watoto wa miezi 12 na wa miezi 18 walimwona mtu mzima akitumia kifaa fulani ambacho baadaye kilihamishwa mahali pengine. Mtu huyo alipoanza kukitafuta, watoto walikionyesha kwa kidole mara nyingi zaidi kuliko kitu kingine kilichokuwapo. Baadhi ya wanasayansi husoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba mtoto wa mwaka mmoja anatambua kwamba mwenzake hana habari fulani. Wengine huona kwamba inatosha mtoto awe amezoea kuhusisha mtu na kitu alichokuwa akikishika. Ninaona maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi yakisomwa pamoja na utafiti wa mwaka 2004, lakini suala hilo halijafungwa.

Upekee wa ishara hii hudhihirika pia mtu akiwatazama sokwe. Sokwe waliofugwa hujifunza kumwelekeza binadamu mahali chakula kilipo, mara nyingi kwa mkono mzima uliopitishwa katika nyavu za kizimba, na hilo ni ombi lililo wazi. Sokwe wanaoonyeshana jambo kwa ajili ya kulitazama pamoja tu, porini, ni nadra mno kiasi kwamba kila dai la namna hiyo hujadiliwa kwa kirefu. Kwa binadamu hali ni kinyume kabisa. Mwaka 2012 Liszkowski, Penny Brown na wenzao walichapisha ulinganisho wa jamii saba zinazotofautiana sana, zikiwemo za Papua New Guinea, Indonesia, Japani, Peru, Meksiko na Kanada. Kufikia miezi 10 hadi 14 watoto walielekeza kidole katika jamii zote, kwa umbo lilelile la kidole cha shahada, na kilichotabiri zaidi ni mara ngapi mtoto angefanya hivyo kilikuwa umri wake na mara ambazo mlezi wake naye alielekeza kidole.

Kuhusu mahali umbo hilo linapotoka, ushahidi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2019 Cathal O'Madagain na wenzake walipendekeza kwamba chanzo chake ni kugusa, ile tabia ya mtoto kuchunguza kitu kwa ncha ya kidole. Waliona kwamba watu wanapoelekeza kidole kwenye kitu kilicho mbali hukiweka katika pembe ambayo ingefaa kukigusa, hata wakalazimika kuzungusha kifundo cha mkono, badala ya kukilenga kama mshale. Wazo hilo linaendana vizuri na mtoto anayedokoa makombo na kuchokonoa matundu kabla hajaanza kuonyesha, ingawa watoto wadogo zaidi katika utafiti huo walikuwa na miezi 18, yaani walikuwa wamekwisha kuizoea ishara yenyewe.

Mzazi ambaye mwanawe ametimiza mwaka mmoja bila kuelekeza kidole hana sababu ya kuingiwa na hofu kwa hilo peke yake. Orodha ya hatua za ukuaji ya CDC, yaani kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, iliyorekebishwa mwaka 2022, haikuiweka ishara hii katika miezi 12: inaweka kuonyesha kwa ajili ya kuomba katika miezi 15, na kuonyesha jambo la kuvutia katika miezi 18. Kukosekana kwa ishara ya pili kufikia umri huo ni jambo la kumweleza mhudumu wa afya, kwa sababu ni miongoni mwa dalili zinazotumika kuamua kama mtoto achunguzwe zaidi kuhusu usonji. Ni dalili ya kuchunguza tu, kwani haitoshi yenyewe kuwa jibu.

Faida ya kumjibu mtoto huonekana zaidi katika lugha. Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, katika utafiti wa mwaka 2005 uliofuatilia watoto 10 tu, waliona kwamba vitu vingi ambavyo mtoto alivitaja kwanza kwa ishara ndivyo vilivyoingia baadaye katika msamiati wake, na kwamba watoto waliotangulia kuunganisha ishara na neno, kwa mfano kuelekeza kidole kwenye kikombe huku wakisema "baba", ndio pia waliotangulia kuunganisha maneno mawili. Idadi hiyo ni ndogo, lakini uchambuzi uliojumuisha tafiti nyingi umeona uhusiano wa aina hiyohiyo kati ya kuonyesha na lugha. Sababu mojawapo inafahamika kwa urahisi: jina la kitu linaloletwa wakati macho ya mtoto tayari yako juu ya kitu hicho halihitaji kutafuta mahali pa kutua, ilhali jina la kitu ambacho mzazi amekichagua mwenyewe hulazimika kwanza kuyaondoa macho hayo pale yalipo. Kwa sababu hiyo, kusema "naam, taa, imewaka" kwa mtoto anayeionyesha taa kuna manufaa zaidi kuliko kumgeuza aangalie picha ambayo mtu mzima anaiona ya kufundisha zaidi.

Baada ya miezi michache kazi nyingine huongezeka juu ya hii. Mwaka 2012 Katarina Begus na Victoria Southgate walionyesha kwamba watoto wa miezi 16 huelekeza kidole kwenye vitu vigeni pia kwa lengo la kuuliza, na kwamba humchagua wa kumuuliza: mbele ya mtu mzima ambaye muda mfupi uliopita alivitaja vibaya vitu ambavyo mtoto alivijua, walionyesha vitu vigeni mara chache zaidi kuliko mbele ya yule aliyevitaja sawasawa.