Kutendwa katika Kiajemi: si kila "shod" ni -wa

Wanafunzi wengi wa Kiajemi wameshika kanuni moja ya kauli ya kutendwa: chukua kitenzi cha wakati uliopita, kitie -e mwishoni, kisha weka shodan, ambayo katika wakati uliopita ni shod. Neveshtan ni kuandika; nāme neveshte shod, barua iliandikwa. Sawa kabisa, kwa kitenzi cha neno moja.

Tatizo ni kwamba vitenzi vingi vya Kiajemi ni vya maneno mawili: nomino au kivumishi, kikifuatwa na kitenzi chepesi, yaani kisichobeba hapo maana yake kamili, kama kardan (kufanya), dādan (kutoa), zadan (kupiga) au khordan (kula). Ndipo unaposoma otāq tamiz karde shod, sentensi ambayo Mwajemi wa leo haisemi. Tamiz kardan ni kusafisha. Katika kutendwa, kardan huondoka na shodan hukaa mahali pake: otāq tamiz shod, chumba kilisafishwa.

Shodan hiyo ina historia. Leo maana yake ni kuwa au kugeuka, lakini katika Kiajemi cha kale ilikuwa kwenda, na washairi wa zamani wanaitumia hivyo waziwazi. Waandishi wa kale walijengea kutendwa hata kwa āmadan, kuja: gofte āmad, ilisemwa. Yaani kitu kimefika katika hali fulani, na aliyekifikisha huenda yupo, huenda hayupo. Ndiyo maana dar bāz shod ni mlango ulifunguliwa na pia mlango ulifunguka. Kiswahili kimetenganisha -wa na -ka. Kiajemi kinaachia muktadha. Anayetafsiri kila shod kwa -wa humwingiza mtu katika sentensi isiyo na mtu, na upepo uliofungua mlango unageuka mwizi.

Dādan mara nyingi hubaki: neshān dāde shod, ilioneshwa. Vingine hubadili kitenzi chepesi chenyewe: kotak zadan ni kupiga mtu, kotak khordan ni kupigwa, kama tunavyosema kula kipigo. Shekast dādan ni kushinda, shekast khordan ni kushindwa. Shodan haihitajiki hapo.

Mtenda akitajwa, hasa katika maandishi rasmi, utaona tavassot-e: dar tavassot-e negahbān bāz shod, mlango ulifunguliwa na mlinzi. Hapo -wa ni halali. Asipotajwa, tafadhali soma kwanza sentensi za jirani, ndipo uchague kati ya -wa na -ka.