Shule ya serikali ya onlaini sio homskuli jamani
Wazazi wengi wetu tulioko Marekani bado wanasema eti mtoto akisoma shule ya serikali kwa onlaini ni homskuli, mzazi ndo mwalimu na ada anatoa mfukoni. Hapana, ni vitu viwili tofauti kabisa. Hii ya onlaini ni shule ya umma kamili, hela yake inatoka kwenye kodi, mfano Florida Virtual School ipo tangu 1997 na mkaazi wa Florida halipi ada, na kule Pennsylvania wilaya ya shule anakoishi mtoto ndio inayolipa. Walimu kwa kawaida wana leseni ya jimbo, wanafundisha, wanasahihisha kazi, wanampigia mzazi simu, mahudhurio yanaandikwa na mitihani ya jimbo iko palepale, mara nyingi mtoto anapelekwa kituo cha mtihani kuifanya. Kwenye homskuli ndo mzazi anachagua vitabu na kufundisha mwenyewe.

Ila msidhani mzazi anakaa tu, mtoto wa darasa la kwanza hawezi kulogini na kufuata ratiba peke yake, lazima mtu mzima awe karibu karibia kutwa nzima, kwahiyo kama nyote wawili mna shifti za mchana kiwandani pigeni hesabu vizuri kabla hamjamuandikisha.