Gitaa la mapajani: la mbao, lakini linaitwa la chuma

Pale Mlango Mmoja, Mwanza, kwenye meza ya mitumba iliyojaa redio kaseti na pasi za zamani, jamaa yangu mmoja mpiga solo aliokota kitu cha mbao chenye nyuzi tatu zilizobaki kati ya sita. Kirefu kama mkono wa mtu mzima, kizito, kimepakwa vanishi kwa brashi, hakina tundu la sauti. Muuzaji hakumficha: "Hilo bovu, kaka. Nyuzi ziko juu mno, halibanyiki. Nipe elfu thelathini ukatundike ukutani."

Halikuwa bovu. Lilikuwa gitaa la mapajani, ambalo kwenye matangazo ya mtandaoni utalikuta kwa jina lapu stili, na nyuzi zake zinatakiwa ziwe juu hivyo hivyo.

Maana yake ni hii. Gitaa hili hulipakati kama gitaa la kawaida. Unakaa kwenye kiti, unalilaza chali juu ya mapaja, nyuzi zikitazama dari. Mkono wa kulia unachapa nyuzi kama kawaida. Mkono wa kushoto haubanyi kitu; unashika kipande cha chuma kilicholainishwa na kukilaza juu ya nyuzi. Pale chuma kinapogusa, ndipo uzi unapoishia kwa sauti. Ukikisogeza, sauti inasogea nacho bila ngazi katikati, kama mtu anayeimba akiburuta neno. Ule mlio wa kuomboleza unaousikia kwenye nyimbo za country za Kimarekani, zile ambazo redio zetu hupenda kuzipiga Jumapili mchana, unatoka kwenye chuma hicho.

Kwa hiyo chuma cha kwenye jina ni kile kilichoko mkononi, na gitaa lenyewe linaweza kuwa la mti mtupu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ukimwagiza mtu "gitaa la chuma" atakutafutia la bati. Wahawaii, ambao ndio wenye chombo, wanaliita kīkā kila: kīkā ni gitaa, kila ni chuma cha pua. (Mswahili akisikia "kila" anabaki akisubiri neno la pili.) Mimi naona "gitaa la mapajani" linatutosha, kwa sababu linasema jinsi linavyopigwa na haligusi mambo ya limetengenezwa kwa kitu gani.

Sisemi kwamba ya chuma hayapo. Kampuni ya Rickenbacker ilitoa miaka ya 1930 gitaa la mapajani la aluminiamu, la umeme, dogo na la mviringo lenye shingo ndefu, watu wakalibatiza jina la kikaango. Hilo ndilo gitaa la umeme la kwanza kupata soko la kweli duniani. Lakini sampuli yake ya mwanzo kabisa, ya mwaka 1931, ilichongwa kwa mbao.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii, na magitaa yenyewe yalifika huko karne ya 19 pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico. Wenyeji wakawa na tabia ya kulegeza nyuzi mpaka zikichapwa wazi, bila kubanywa popote, zitoe kodi kamili (si kodi za TRA, hizi ni za muziki, sauti kadhaa zinazolia pamoja). Hatua iliyofuata inahesabiwa kwa Joseph Kekuku, aliyezaliwa 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi alitelezesha boliti juu ya nyuzi, baadaye akatumia kisu, hatimaye akajitengenezea kipande cha chuma kwenye karakana ya shule. Mwaka 1904 alihamia Marekani bara akawa anapiga na kufundisha. Mwaka 1915 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa San Francisco, banda la Hawaii likajaa watu, na baada ya hapo Wamarekani wakapandwa na wazimu wa mlio huo.

Tatizo la kwanza lilikuwa sauti kutofika mbali. Gitaa lililolala mapajani linarusha sauti yake juu, wala haiendi kwa wasikilizaji. Aina zote tatu unazoweza kukutana nazo zinatibu ugonjwa huo. Kuna la mbao lenye uwazi ndani mpaka kwenye shingo, lililopata sifa kwa mikono ya fundi Hermann Weissenborn wa Los Angeles. Yeye alipenda mti wa koa, unaoota Hawaii tu na ambao uko ukoo mmoja na migunga yetu. Kuna lenye sahani ya aluminiamu tumboni inayotetemeka kama spika, kazi ya ndugu wa familia ya Dopyera mwishoni mwa miaka ya 1920. Moja ya majina yao, Dobro, limegeuka kuwa jina la aina nzima. Na kuna ubao mtupu wenye pikapu ya sumaku (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi za chuma), unaochomekwa kwenye amplifaya. La jamaa yangu ni la aina hii ya tatu, ndiyo maana halina tundu.

Kuna na ndugu yao mkubwa, lenye miguu ya kusimamia na pedali za kuvuta nyuzi, ambalo halikai mapajani. Hilo ndilo King Sunny Adé aliliingiza kwenye muziki wa juju wa Nigeria, likipigwa na Demola Adepoju. Nalitaja kwa sababu kila nikiongelea jambo hili kuna mtu anasema ni muziki wa Wazungu.

Sasa utamu wake uko kwenye hesabu. Chukua gitaa ambalo uzi wake, kutoka kizingiti (kile kipande cha mfupa kinachopokea nyuzi upande wa vikazio) hadi kwenye daraja (linalozipokea upande wa pili), una sentimita 60. Tyuni nyuzi sita kuanzia nene: D, A, D, F#, A, D. Zichape wazi, umepata kodi ya D. Weka chuma sentimita 15 kutoka kwenye kizingiti, yaani robo ya uzi, umepata G. Kisogeze hadi sentimita 20, theluthi ya uzi, umepata A. Sentimita 30, nusu kamili, ni D tena, ya juu. Umemaliza. Kwa mistari hiyo unaweza kusindikiza nusu ya nyimbo za kwaya unazozijua, kwa mkono usiojua hata kodi moja ya gitaa la kawaida. Freti, vile vipande vinavyokatiza shingo, kwenye gitaa hili ni mistari tu ya kuongoza macho. Zinaweza kuchorwa kwa kalamu. Ila chuma kinakaa juu ya mstari wenyewe, tofauti na kidole ambacho kwenye gitaa la kawaida hukaa nyuma kidogo ya freti. Ukikosea kwa milimita mbili, hata mtoto atasikia.

Udhaifu upo. Kodi ya maina (ile yenye mlio wa huzuni) ni shida, kwa kuwa chuma kimenyooka na hakiwezi kushika uzi mmoja mbele na mwingine nyuma. Wapigaji wakatafuta njia ya kutyuni C, E, G, A, C, E: nyuzi tatu nene zinatoa C meja, tatu nyembamba zinatoa A maina, ukachagua mwenyewe. Na kwa maoni yangu sebene la kasi halitaki chuma. Gitaa hili linafaa kwenye utangulizi, pale wimbo unapoanza taratibu na mwimbaji bado hajafungua mdomo.

Kwa watu wa ziwa, ala ya nyuzi iliyolazwa si kitu kigeni. Wahaya wa ng'ambo ya magharibi na Wakerewe hapo kisiwani wana nanga: mti uliochongwa kama karai refu, uzi mmoja ukapitishwa huku na huko juu yake mpaka zikapatikana kama nyuzi saba au nane. Mpigaji wa nanga akiliona gitaa la mapajani hatauliza kwa nini limelala. Atauliza chuma ni cha nini, kwa kuwa kwake kila uzi una sauti yake moja na kazi imekwisha.

Ukikuta kitu cha namna hii sokoni, angalia shingo kwanza. Ya gitaa la kawaida ni ya mviringo kwa nyuma, ili kiganja kiishike. Ya gitaa la mapajani mara nyingi ni ya mraba, imenyooka kama rula, kwa sababu hakuna kiganja kinachopita huko na kwa sababu inabeba mvuto wa nyuzi unaofika makumi ya kilo. Halafu angalia nyuzi: ziko juu ya ubao kama sentimita moja, zote usawa mmoja, hazifuati mbinuko. Geuza utafute vitundu vya bungua. Zungusha vikazio kimoja kimoja. Kama ni la umeme, lichomeke na ugonge pikapu kwa kitu cha chuma. Ikitoa mlio, iko hai. Na usifunge mshipi wa kuvulia badala ya nyuzi: pikapu ya sumaku haiusikii, na hata kwenye gitaa lisilo la umeme, chuma juu ya nailoni kinatoa sauti kavu.

Kubwa kuliko yote, usimpe fundi asiyelijua. Jamaa yangu, kabla hajanipigia simu, alishapita kwa fundi mmoja mjini "alishushe nyuzi". Fundi alifanya alichoombwa, na kwa bidii: alisaga kizingiti mpaka nyuzi zikakaribia ubao. Chuma kikiwekwa sasa, kinagonga mbao.

Kwa anayetaka la kuchongesha, Mwanza hakukosi mikono. Mbao ngumu iliyokauka vizuri, ya mninga au mkangazi, unene wa inchi mbili, urefu wa sentimita 80 hivi. Wachonga vitanda wanabakiza vipande vya namna hiyo. Kukauka ndiyo kila kitu, mbao mbichi itapinda nyuzi zikikazwa. Ukitaka kupima mistari ya freti mwenyewe, gawanya urefu wa uzi kwa 17.817, hapo ndipo mstari wa kwanza; kilichobaki gawanya tena kwa namba hiyo hiyo, upate wa pili, na kuendelea. Kwa uzi wa sentimita 60 wa kwanza unaangukia 3.37. Nilifanya hivyo kwa kikokotoo cha simu nikisubiri kivuko cha Kamanga, na sikumaliza hadi tunafika ng'ambo.

Chuma cha mkononi, fundi wa kukereza kule Nyakato atakukatia kwenye shafti isiyoshika kutu: kipenyo milimita 20, urefu sentimita 8, ncha moja iwe ya duara. Kitakuwa na gramu 200 hivi, uzito unaotosha kukaa juu ya nyuzi bila wewe kukandamiza. Kwa kujaribu tu, soketi ndefu ya spana inafanya kazi.

La jamaa yangu tulilirudishia kizingiti. Tulitafuta pembe ya ng'ombe, tukaichemsha, tukaikata kwa msumeno wa chuma, tukaipiga msasa hadi ikafika kimo. Uzi wa tatu bado unakwaruza kidogo, nadhani mfereji wake tuliuchimba mpana. Na nyuma ya ubao, chini ya vanishi, kuna herufi mbili zimechongwa kwa ncha ya kisu pamoja na mkato mmoja mrefu, kama fundi aliyelitengeneza alianza kuandika jina lake kisha akaitwa kula.