Vinteji ni mwaka ilitengenezwa, si sura

Hili neno vinteji naona limefika mahali linakosanisha watu. Siku hizi kila gitaa la besi lililokwaruzwa linalotoka soko la Kibuye, Kisumu, ama linalouzwa na kanisa fulani huko Nakuru linaitwa vinteji, na bei inapanda hapo hapo. Kuna kijana wa Kondele alinitumia picha ya Jazz Bass, modeli moja ya besi, akasema ni vinteji ya miaka ya sitini, nikamuuliza hiyo miaka ameitoa wapi, akaniambia iko kwa jina la modeli. Ilikuwa Squier Classic Vibe '60s (Squier ni chapa ya bei nafuu ya Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani), na hiyo Classic Vibe yote ilianza 2008. Hakuwa anadanganya, alisoma tu kile kampuni iliandika, na hapo ndio shida iko.

Maana yenyewe ni fupi. Besi ya vinteji ni ile iliyotengenezwa kitambo, wengi wanaokusanya wanahesabu kama miaka 30 kurudi nyuma, na wakisikia Fender kuna wale wakali wanaokata mstari Januari 1965, pale CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, iliponunua hiyo Fender kwa dola milioni 13. Neno lilianzia kwa watu wa divai, huko lilimaanisha mwaka zabibu zilivunwa, kwa hivyo toka mwanzo lilikuwa linajibu swali moja tu, ya lini?

Na besi ya umeme haina umri mkubwa vile watu wanadhani. Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza Audiovox 736 miaka ya 1930 lakini haikushika, ikabaki hivyo mpaka Leo Fender akatoa Precision Bass 1951, akabadilisha pikapu yake (kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ikawa vipande viwili 1957, halafu Jazz Bass ikaja 1960. Sasa piga hesabu. Jazz Bass ya kabla ya CBS ni kazi ya karibu miaka mitano tu, kiwanda kimoja huko Fullerton, California, na nyingi zilikaa kwa mikono ya watu wa kazi, zikazeeka, zingine zikaibiwa. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo za Motown, lebo ya muziki ya Marekani, Precision yake ya 1962 iliibiwa muda mfupi kabla afariki 1983 na mpaka leo haijulikani iko wapi. Ndio maana ukiniambia umepata ya 1962 mtaani kwa bei ya simu moyo wangu unaruka kwanza, halafu naanza kuuliza maswali.

Kinachonisumbua zaidi ni riishu, yaani modeli ya zamani inayotengenezwa upya. 1982 Fender wenyewe walianza kuiga besi zao za zamani, wakatoa Precision ya mtindo wa '57 na ya '62 na Jazz ya '62, Marekani na pia Japan, na hiyo namba ikawa sehemu ya jina. Hiyo '62 inakuambia umbo gani limeigwa, haikuambii mbao zilikatwa lini. Na hapa watu wanateleza upande ule mwingine pia: zile Squier za Japan zenye namba ya siriali inayoanza na JV, zilizoanza hiyo 1982, sasa zimepita miaka 40 na zinatafutwa sana, kwa hivyo ndiyo, hiyo ni vinteji, lakini ni vinteji ya miaka ya themanini. Haikuwahi kuwa ya sitini na haitakuwa. Riishu inazeeka kuanzia siku iliyotoka kiwandani, haihesabiwi kuanzia mwaka inaoigiza.

Alafu kuna reliki, ambayo Fender Custom Shop ilianza kuuza 1995, besi mpya kabisa ambayo rangi imebanduliwa na vyuma vimeshikishwa kutu kwa makusudi, sawa na jinzi inayochanwa magoti kiwandani. Sina neno na anayeipenda, zingine zinalia vizuri sana, lakini mikwaruzo haina tarehe. Na kuna kampuni ya Uingereza ambayo jina lake ni Vintage, limeandikwa hapo kwa kichwa cha gitaa, modeli yao ya V4 inafanana na Precision, na hizo ni besi nzuri za bei ya kawaida ambazo watu wengi wanajifunzia. Lakini hilo ni jina la kampuni tu, haliambii mtu umri wa gitaa.

Ukitaka mwaka wa ukweli, wa Fender za zamani, fungua. Toa zile skrubu nne za shingo uangalie kisigino chake, mara nyingi utakuta tarehe, za kwanza kwa penseli na baadaye kwa mhuri. Angalia pia poti, kile kidude kilicho chini ya kitufe cha volyumu: ikiwa na 3046327, hiyo 304 ni kampuni ya Stackpole, 63 ni mwaka na 27 ni wiki. Ukikuta 137 ni kampuni ya CTS. Lakini usikimbilie kuandika 1963, poti inakuambia tu kwamba gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo, kama poti yenyewe haijawahi kubadilishwa, kwa sababu Fender walinunua poti nyingi sana 1966 wakazitumia mpaka karibu mwisho wa hiyo miaka ya sitini. Namba ya siriali ya lile bamba la nyuma nayo isikudanganye, mabamba yalikuwa yanatolewa kwa boksi bila kufuata mpangilio.

Jambo la mwisho, na hili linagusa watu wetu moja kwa moja, vinteji si sawa na orijino, yaani yenye vipande vyake vyote vya kwanza. Huku Nyanza muziki wa benga ulijengwa na watu waliokuwa wanapiga besi wikendi baada ya wikendi, besi inaongea mbele kabisa karibu kama gitaa la solo, na chombo cha kazi ya hivyo kinabadilishwa pikapu, kinapakwa rangi tena, kinawekewa funguo zingine za kukazia nyuzi zile za kwanza zikivunjika. Mkusanyaji atakata bei, rangi kurudiwa peke yake mara nyingi inakula karibu nusu. Lakini mwaka haujabadilika. Kwa hivyo omera, kama kuna mzee kwenu aliyekuwa na bendi na besi yake bado iko, usimpelekee fundi aipake rangi ndio ikae mpya, na usitupe zile skrubu na pikapu kuukuu ziko kwa kopo. Ukiiuza andika tu vile iko: mwaka wa shingo, mwaka wa poti, rangi imerudiwa, pikapu si ya kwanza. Na kama huwezi kuifungua, andika "besi ya zamani". Hiyo inatosha, wanaojua watakuja wenyewe kuangalia.