Kitabu cha ufunguzi hakihifadhi michezo, jamani

Wiki hii nimeletewa kompyuta ya tatu yenye ugonjwa uleule. Safari hii ni ya kijana wa Chumbageni. Programu yake ya sataranji inacheza vizuri kwa kutumia kitabu cha ufunguzi, yaani faili la hatua nzuri za mwanzo wa mchezo, lakini mpinzani akibadilisha kidogo mpangilio wa hatua, "inatoka kitabuni": haioni tena hatua ya kuchukua humo. Akanieleza kwa kujiamini kabisa: "Mwalimu, kitabu kimehifadhi michezo ya mabingwa. Ukienda kinyume na walivyocheza wao, kinapotea." Hapo kahawa yangu ikapoa.

Wapi! Kitabu kinahifadhi hali za ubao. Aliyekuja Tanga kwa njia ya Muheza na aliyepitia Pangani, wakishafika wote wako Tanga. Albert Zobrist alilimaliza suala hili mwaka 1970: kila kete kwenye kila mraba inapewa namba yake ya nasibu, namba za kete zote zilizopo ubaoni zinaunganishwa kwa XOR (hesabu ya biti ambayo ukiirudia na namba ileile inajifuta), unapata ufunguo mmoja wa kutafutia hali hiyo kitabuni. XOR haiulizi nani alitangulia. Farasi akitoka mraba wa g1 kwenda f3 (herufi ni safu, namba ni mstari), unaondoa namba ya farasi wa g1, unaingiza ya f3, umemaliza. Vitabu vya Polyglot, muundo wa faili za vitabu unaotumiwa na programu nyingi, vinatumia namba 781 za biti 64: 768 za kete (aina 12 mara miraba 64), 4 za haki za kaslingi (mfalme na ngome kuhama kwa hatua moja), 8 za safu ambamo askari aliyeruka miraba miwili anaweza kuliwa kwa kupitwa, na 1 ya zamu.

Sasa kwa nini yake ilipotea? Tukapanga ubao mezani. Njia ya kwanza (mraba usiotajiwa kete ni hatua ya askari): d4, farasi f6, c4, e6, farasi f3. Njia ya pili: farasi f3, farasi f6, c4, e6, d4. Ubao ni uleule, zamu ni ya Weusi, lakini programu ikatoa funguo mbili tofauti. Nilimwacha azitazame mwenyewe kwanza. Njia ya pili inaishia kwa askari kuruka miraba miwili hadi d4, na yeye alikuwa anaingiza namba ya safu ya d kila askari anaporuka hivyo. Polyglot inataka uiingize pale tu askari wa adui amesimama ubavuni, tayari kumla huyo aliyeruka. Weusi hawana askari c4 wala e4. Sharti moja likaongezwa kwenye kodi ya programu, kitabu kikapona.

Kwa hiyo kabla hujanibebea kompyuta, chapisha ufunguo wa ubao wa kuanzia. Lazima usome 463b96181691fc9c. Ukisoma kingine, kitabu hakina kosa; huenda umejitungia namba zako za nasibu, na faili la Polyglot halizijui.

Mengine ninayoambiwa na wateja nayapitia haraka. "Nimeongeza Hash hadi MB 1024, mbona kitabu hakijakua?" Hakitakua hata ukinunua RAM ya Ngamiani nzima. Hash ni daftari ya injini, sehemu ya programu inayotafuta hatua, ya wakati wa kufikiri, ukiizima imefutika. Kitabu ni faili kwenye diski.

"Kitabu kikubwa kitaichelewesha." Rekodi moja ni baiti 16: ufunguo 8, hatua 2, uzito 2, na 4 za kujifunza. Rekodi milioni moja ni MB 16 tu, na zimepangwa kwa ukubwa wa ufunguo. Unagawa katikati, unagawa tena, kama mara 20 hivi umeipata. Simu haipati hata joto.

"Hali mbili zinaweza kugongana kwenye ufunguo mmoja." Hilo ni kweli, ila kwa hali milioni moja na biti 64, uwezekano wa kupata mgongano hata mmoja ni chini ya mmoja katika milioni thelathini. Hata hivyo mimi husisitiza: hatua ikitoka kitabuni, ihakiki kwamba ni halali kabla ya kuicheza. Inagharimu nini?

Kijana akauongeza ukaguzi huo palepale, na programu ikagoma kucheza kaslingi yoyote ya kitabuni. Polyglot huiandika kama mfalme anayekwenda kwenye mraba wa ngome yake, e1h1, wakati kodi yake inangoja e1g1. Tulikuwa bado tunacheka umeme ulipokatika. Hiyo kaslingi tuliitafsiri baada ya magharibi.