Akili mnemba na barua za ofisini: yanayosemwa steshenari na ukweli wake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichapa barua kwenye steshenari moja hapa Mwanza, si mbali na Mwaloni Kirumba. Zamani mteja alikuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Siku hizi anakuja na simu, ananionyesha maandishi yaliyokwisha kutungwa na programu za akili mnemba kama ChatGPT au Gemini, na neno lake ni moja: "Nitolee tu." Programu hizi nami nazitumia kila siku na sitaki mtu aziogope. Nataka tu kila mmoja ajue anachokiprinti, maana karatasi ikishapigwa muhuri na kusainiwa, makosa yote yaliyomo ni ya aliyesaini.

Dhana: "Inajua kila kitu, imesoma intaneti nzima"

Inachokijua vizuri ni jinsi maneno yanavyofuatana. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kila inapoandika inakadiria ni kipande kipi cha neno kifuate vile vilivyotangulia. Ndiyo maana barua yake inateleza mdomoni hata pale habari yenyewe inapokuwa si ya kweli: sentensi ya kweli na ya kubuni zinatoka kwenye chungu kimoja.

Hili nililijua kwa kusoma, lakini nililielewa siku kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa kilipokuja kuandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walitaka muhtasari wa kikao wa kuambatanisha. Katibu wao alinipa daftari lenye mistari michache: waliohudhuria 14, chanja mpya za kuanikia, kuomba mkopo, mwenzao mmoja hataki mpaka deni la zamani liishe. Nikayaingiza kwenye programu, ikanirudishia kurasa mbili safi, nikaprinti.

Mwenyekiti wao ni mama mtu mzima. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akawa anakisogeza neno kwa neno. Kilipofika kwenye "wajumbe wote kwa kauli moja waliridhia" kikasimama.

"Mwanangu, hii kauli moja imetoka wapi? Mwenzetu alikataa, na tulimwandika."

"Nisamehe mama," nikamwambia, nikachukua tena daftari. Mstari wa yule aliyekataa ulikuwepo, umeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mihtasari mingi huwa na hayo maneno ya kauli moja, basi programu ikayapachika kama kawaida. Iliongeza pia kwamba akidi ilitimia, wakati hakuna mahali palipoandikwa kikundi kina wanachama wangapi. Tuliandika upya, tukaweka jina la aliyekataa na sababu yake. Siku pesa zikileta ugomvi, karatasi ile ndiyo itakayoulizwa, na yangu ya kwanza ingemsingizia yule mama.

Waliosoma kutuzidi pia yamewakuta. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka mahakamani maelezo yenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi ambazo hakuna mahakama iliyowahi kuzisikiliza.

Halafu kuna suala la muda. Mafunzo ya programu yana tarehe yanapokoma, na isipotafuta mtandaoni hukujibu kwa habari za siku hizo. Nimeletewa mwaliko wa semina ya Sengerema ukiwataka wanaotoka Mwanza wawahi kivuko cha Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi lilishafunguliwa Juni 2025, na magari yanapita juu ya ziwa.

Dhana: "Kiswahili chake ni sanifu kuliko chetu"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nawaona watu wazima wakifuta maneno yao sahihi na kuweka ya mashine. Sehemu kubwa ya maandishi iliyofunzwa nayo ni ya Kiingereza, Kiswahili ni kiasi kidogo tu. Matokeo yake barua kwa Mkurugenzi inaanza na "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa salama." Nani Nyamagana au Ilemela anamwandikia Mkurugenzi hivyo? Barua yetu ya kiofisi ina kumbukumbu namba, ina YAH kwa herufi kubwa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu," halafu unaeleza haja yako. Kwenye muhtasari itakuandikia "masuala yanayotokana na kikao kilichopita" wakati tuna neno letu, yatokanayo. Itakuandikia "mambo mengine yoyote," na sisi tuna mengineyo.

Wakati mwingine inagusa hadi mfuko. Mfanyabiashara mmoja aliomba imnyooshee orodha ya bei ya dagaa. Ikanyoosha kwelikweli: kila palipokuwa na "sado" ikaweka "kilo," na bei ikabaki ileile. Sado ni ndoo ya kupimia, haina uhusiano na mzani. Bahati nzuri alinisomea kwa sauti kabla sijatoa nakala.

Ila wanaosema Kiswahili haikiwezi kabisa nao wanakosea. Inaokota herufi zilizorukwa, inafupisha barua ya kurasa tatu ikawa moja, inapunguza ukali wa barua iliyoandikwa kwa hasira. Ninachofanya ni kuipa kwanza barua nzuri ya zamani niliyoiondolea majina, kisha naiambia: fuata mpangilio huu, usiongeze jambo ambalo sijakupa, na palipopungua acha nafasi wazi. Ikipewa mfano wa kwetu, inaandika karibu na sisi. Bado nasoma kila mstari.

Dhana: "Ninachoandika kule ni siri yangu"

Maneno yako yanasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Baadhi ya huduma, hasa za bure, huweza kuyatumia kufunzia programu usipozima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Kuna afisa aliyetaka barua ya onyo, akabandika faili zima la mfanyakazi pamoja na majibu yake ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Andika "mfanyakazi A," jina utalijaza mwenyewe ukimaliza.

Dhana: "Bosi ana programu ya kukamata maandishi ya mashine"

OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kipimo chao Januari 2023 wakakifunga Julai mwaka huohuo kwa kuwa hakikuwa cha uhakika. Walipokijaribu, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya yaliyoandikwa na watu kikayasingizia. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vipimo vya aina hiyo viliziita za mashine zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwetu huku, ambako wengi Kiingereza ni lugha ya tatu baada ya Kisukuma na Kiswahili, kumpa mtu barua ya onyo kwa ushahidi huo ni kumdhulumu. Mwite, muulize habari iliyomo kwenye ripoti yake. Aliyeifanya kazi ataieleza.

Dhana: "Steshenari zitafungwa"

Kuchapa kumepungua, hilo sikatai. Kuuliza kumeongezeka. Mteja akikaa kwenye benchi sasa naanza na maswali: mlikuwa wangapi, nani hakukubali, mzigo ni kilo au sado, tarehe umeiona wapi? Wale akina mama wa dagaa walirudi na kikao kingine. Juu kabisa ya ukurasa katibu alikuwa ameandika kwa kalamu ileile nyekundu: wanachama 19, waliofika 15, waliokubali 12, waliokataa 3, majina nyuma.