Nebraska ya leo si ya 1997: wanachokosea mashabiki kuhusu timu inayojengwa upya

Usiku wa Septemba 10, 2022, jirani yangu hapa mjini Lincoln, Nebraska, alikuwa amekaa barazani na redio yake. Ni mzee wa miaka 70 na ushei, na kati yetu kuna uzio mfupi tu, kwa hiyo mechi za Nebraska huwa nazisikia hata siku nisipoziwasha kwangu. Zilipobaki sekunde 36, kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa Georgia Southern alikimbia na mpira mpaka ndani ya eneo la mwisho. 45 kwa 42, wageni mbele. Mzee akazima redio kabla mechi haijaisha, akabeba kiti chake, akaingia ndani bila kuniaga. Kabla ya usiku ule Nebraska walikuwa wamefikisha alama 35 au zaidi uwanjani kwao mara 214, na mara zote 214 walishinda. Kesho yake kocha Scott Frost alifukuzwa kazi.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu: hii ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wa yai, tena ya vyuo vikuu. Jimbo la Nebraska halina timu kubwa ya kulipwa, kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya kila mtu, kuanzia mkulima wa mahindi hadi daktari. Tiketi za Memorial Stadium zimekuwa zikiisha kila mechi tangu 1962. Walikuwa mabingwa wa taifa 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997, huo wa mwisho wakigawana na Michigan. Na katika mchezo huu hakuna kushuka daraja. Timu ikiporomoka inabaki pale pale, mbele ya watu wale wale, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hapo ndipo dhana potofu zinapozaliwa, na nyingi zinazaliwa na mapenzi.

Dhana: Nebraska ni timu kubwa kwa asili, itarudi yenyewe mahali pake

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ndiyo inayoniumiza zaidi kuisikia, kwa sababu inawanyima sifa watu waliojenga ule ukubwa.

Kuanzia 1957 hadi 1961, Nebraska chini ya kocha Bill Jennings walishinda mechi 15, wakafungwa 34, wakatoka sare 1. Hiyo ndiyo timu aliyoikuta Bob Devaney 1962. Yeye na mrithi wake, Tom Osborne, ndio walioinyanyua. Osborne alifundisha misimu 25, kuanzia 1973 hadi 1997, na hakuna hata mmoja aliomaliza na ushindi pungufu ya tisa.

Waliwezaje, katika jimbo lenye watu wapatao milioni 2 tu na vijana wachache wa kiwango cha juu? Kwanza, vyuma. Mwaka 1969 walimwajiri Boyd Epley kusimamia mazoezi ya nguvu, wakati makocha wengi wakiamini kunyanyua vyuma kunamfanya mchezaji awe mzito na mgumu wa viungo. Pili, vijana wa kujitolea. Mamia ya watoto wa mashambani waliacha nafasi za kusomeshwa bure katika vyuo vidogo, wakaja Lincoln kujilipia karo ili tu wavae jezi nyekundu. Wachezaji wakubwa walipata wapinzani wa kutosha mazoezini, na kila mwaka wachache kati ya vijana hao waliibuka kuwa nguzo. Tatu, mwishoni mwa enzi ya Osborne, Texas. Kuanzia 1996, Nebraska walipokuwa ligi moja na vyuo vya Texas, kijana wa Dallas aliweza kuambiwa kwamba mama yake atamwona akicheza karibu na nyumbani.

Sasa angalia kilichobaki. Kila chuo kikubwa kina ukumbi wa vyuma unaong'aa. Mwaka 2011 Nebraska walihamia ligi ya Big Ten, wakaiacha Texas nyuma. Utamaduni wa vijana wa kujitolea upo bado, lakini hautoi tena pengo lile dhidi ya wapinzani. Hakuna mtu aliyeiibia Nebraska kiti chake. Faida zilizowaweka pale juu ndizo zilizoyeyuka, na anayesema "tutarudi tu" anapaswa kueleza faida mpya itatoka wapi.

Dhana: kocha wa kweli huonekana mwaka wa kwanza

Kocha Nick Saban alipofika chuo cha Alabama 2007, msimu wa kwanza alishinda 7 na kufungwa 6, na moja ya vipigo hivyo aliupata nyumbani kutoka kwa Louisiana-Monroe. Mwaka wa tatu alikuwa bingwa wa taifa. Dabo Swinney alimaliza 2010 na Clemson akiwa na ushindi 6 na vipigo 7, kabla ya kuja kutwaa ubingwa wa misimu ya 2016 na 2018. Bill Snyder alipokea Kansas State, timu iliyokuwa imecheza mechi 27 mfululizo bila ushindi. Mwaka wake wa kwanza, 1989, alishinda moja. Mwaka uliofuata tano, halafu saba.

Matt Rhule, kocha aliyeletwa Nebraska baada ya Frost, ana njia inayofanana na hiyo. Akiwa chuo cha Temple alianza na ushindi 2 na vipigo 10, mwaka wa tatu akashinda 10. Akiwa chuo cha Baylor alianza na ushindi 1 na vipigo 11, mwaka wa tatu akashinda 11.

Lakini mifano hii nayo hutumiwa vibaya. Mashabiki wengine wamechukua subira wakaigeuza kuwa kanuni ya kumlinda kila kocha. Makocha hao walionyesha kitu kabla ya mafanikio makubwa: kwa wengi wao mwaka wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza, au makosa ya kijinga yalipungua. Frost alishinda 4, kisha 5, kisha 3 katika msimu mfupi wa korona, kisha 3 tena. Miaka minne ilitosha kuona.

Dhana: tumefungwa kwa alama chache, basi tumeshakaribia

Msimu wa 2021 Nebraska walishinda mechi 3 na kufungwa 9. Vipigo vyote tisa vilikuwa vya tofauti ya alama zisizofika kumi. Ukijumlisha msimu mzima, walifunga alama nyingi kuliko walizofungwa. Hapa Lincoln watu walizunguka na hesabu hizo kama cheti: bahati ikigeuka kidogo tu, hawa ni washindi.

Kitakwimu hoja ina uzito. Timu inayopoteza mechi nyingi za karibu kwa kawaida hupata nafuu mwaka unaofuata, kwa sababu sehemu ya matokeo hayo kweli ni bahati. Ila bahati mbaya haidumu miaka mitano. Katika kipindi chake chote, mechi ambazo matokeo yaliamuliwa na tofauti ya bao moja (alama 8 au pungufu), Frost alishinda 5 na kupoteza 22.

Chukua mechi ya Michigan State, Septemba 2021, nikuonyeshe ninachomaanisha. Nebraska wanaongoza 20 kwa 13, robo ya nne inaelekea ukingoni. Ulinzi wao kipindi cha pili umewabana wenyeji mpaka hawapumui. Kilichobaki ni kupiga teke la mbali, kuwarudisha wapinzani nyuma kabisa, na kuendelea kuwabana. Mpango ni mpira uende upande mmoja, na wachezaji wote wanaokwenda kumzuia mpokeaji wanakimbilia upande huo. Teke linapigwa, mpira unaenda upande wa pili. Jayden Reed anaudaka, anainua macho, mbele yake uwanja ni mweupe. Yadi 62, hakuna wa kumgusa. Mechi inaenda muda wa nyongeza, Nebraska wanalala 23 kwa 20.

Ukiandika "walifungwa kwa alama tatu" umesema kweli, na hujasema lolote. Kilichowafunga ni kitengo cha mateke, ambacho kiliwaangusha Jumamosi baada ya Jumamosi bila kurekebishwa ipasavyo. Kitengo hicho kinafundishwa Jumanne na Jumatano, wakati uwanja hauna mtu. Anayetaka kujua kama timu yake inajengeka aangalie huko: mateke, adhabu za uzembe, mipira inayodondoshwa, maamuzi ya dakika mbili za mwisho. Ubao wa matokeo huchelewa kutoa habari.

Dhana: siku hizi wachezaji wanahama na kulipwa, kwa hiyo kujenga upya ni kazi ya mwaka mmoja

Sheria kweli zimebadilika. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Tangu 2024 wanaweza kuhama chuo zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu. Na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa moja kwa moja.

Mfano unaotajwa ni Indiana. Mwaka 2023 walishinda mechi 3. Akaja kocha Curt Cignetti, na 2024 wakashinda 11, mojawapo ikiwa kichapo cha 56 kwa 7 walichowapa Nebraska hawa hawa. Msimu wa 2025 wakawafunga Ohio State 13 kwa 10 kutwaa Big Ten, kisha wakabeba ubingwa wa taifa. Baada ya hapo kila shabiki anauliza: wao wameweza, sisi tuna nini?

Tazama alichokuja nacho. Wachezaji 13 walimfuata kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifundisha. Walikuwa wanaijua mifumo yake kwa miaka, na waliwafundisha wenzao ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kotabeki wa 2024, Kurtis Rourke, alikuwa mwaka wake wa sita chuoni. Ile haikuwa timu iliyopikwa kwa mwaka mmoja. Ilikuwa imeshaiva pengine, ikapakuliwa Indiana.

Sasa weka Colorado pembeni. Kocha wao Deion Sanders aliingiza wachezaji wapya zaidi ya 80 mwaka 2023. Wakaanza na ushindi mara tatu, ikiwamo 36 kwa 14 dhidi ya Nebraska, na nchi nzima ikashika kichwa. Walimaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Kotabeki wao alilazwa chini zaidi ya mara 50, kwa sababu unaweza kununua mkimbiaji na mdakaji wakang'aa wiki hiyo hiyo, lakini watu watano wa mstari wa mbele wanaomlinda kotabeki lazima wapumue pamoja. Mmoja akichelewa nusu hatua, wanne wamefanya kazi bure. Mwaka uliofuata walipanda hadi ushindi 9, mwaka wa tatu wakarudi 3.

Na mtu wa mstari wa mbele hatengenezwi kwa pesa peke yake. Kijana wa miaka 18 anafika na kilo 115, mrefu, magoti yanagongana. Anahitaji kufikisha kilo 135 au 140 huku akiendelea kuwa mwepesi wa miguu. Anakula mara tano kwa siku, ananyanyua vyuma alfajiri, na mwaka wa kwanza kwa kawaida hachezi zaidi ya mechi nne ili asipoteze mwaka wake wa ustahiki. Utamwona kwenye runinga miaka miwili au mitatu baadaye. Kocha akifukuzwa katikati ya safari hiyo, kijana anahama, na anayekuja anaanza na mwingine wa kilo 115.

Dhana: ushindi tisa hautoshi, fukuza

Hii Nebraska wameijaribu mara mbili, na majibu yapo. Mwaka 2003 walimfukuza Frank Solich akiwa na ushindi 9 na vipigo 3. Mwaka uliofuata timu ilipata msimu wake wa kwanza wa vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1961, na mfululizo wa miaka 35 ya kucheza mechi za fahari za mwisho wa msimu ukakatika. Mwaka 2014 wakamfukuza Bo Pelini, naye akiwa na 9 na 3. Mike Riley aliyemfuata alishinda 19 na kufungwa 19 katika miaka mitatu, kisha Frost, 16 na 31.

Sisemi Pelini alikuwa malaika, na walioona ameishiwa walikuwa na sababu zao. Ninachosema ni kwamba walidhani ushindi tisa ni sakafu, kumbe kwa mazingira ya sasa ulikuwa karibu na dari.

Dhana: kushangilia ushindi wa sita ni kujidharau

Ushindi sita ndio unaoipa timu haki ya kucheza mechi ya mwisho wa msimu, na pamoja nayo wiki kadhaa za ziada za mazoezi mwezi Desemba. Kwa wale vijana wanaongojea zamu yao, wiki hizo ni dhahabu. Mwaka 2023, wa kwanza wa Rhule, Nebraska walifikisha tano wakabakiza mechi nne. Wakapoteza zote nne: 20-17, 13-10, 24-17 na 13-10. Mwaka 2024 wakafikisha tano tena, wakapoteza nne tena. Mtaani kwetu watu walikuwa wameacha kuitaja timu.

Novemba 23, 2024, wakaja Wisconsin, ambao Nebraska walikuwa hawajawafunga tangu 2012. 44 kwa 25, wenyeji. Wanafunzi walimiminika uwanjani, na baadhi ya watu mtandaoni waliwacheka: chuo chenye mataji matano kinavamia uwanja kwa ushindi wa sita! Mimi nilikuwa uani nikikusanya majani. Mzee alikuwa barazani, blanketi magotini, redio ikiwa juu. Mechi iliisha, watangazaji wakaanza mahojiano, wakamaliza mahojiano, wakahamia kusoma matokeo ya mechi nyingine. Giza liliingia, na redio ilikuwa bado inaongea.